Shingo ya Azimio

Asubuhi ya Jumanne, katikati ya Novemba mwaka 1994, Evalina alikata vitunguu vinane, nyanya kumi na mbili na boga moja la kijani, akaviweka kwenye ungo, kisha akatoka kwenda kuangalia kama mume wake, Bundala, amemaliza kuchuna. Alikuwa hajamaliza. Ng'ombe aliyekuwa anachunwa aliitwa Azimio, maksai mwekundu wa miaka kumi na moja. Alichinjwa saa tatu akiwa ameshalala, macho yamepinduka, povu puani. Bundala alimuwahi na kisu. Kisu kikifika kabla ya pumzi kukatika, watu wa huko hawasemi ng'ombe amekufa. Husema amechinjwa, na nyama inaliwa.

Azimio alivuta plau upande wa kushoto. Upande wa kulia alivuta Ruksa, mweusi mwenye baka jeupe tumboni, miaka mitano. Majina aliyatoa Bundala mwenyewe, kila moja kwa wakati wake, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza maana. Walikuwa jozi nzuri. Azimio alijua mahali pa kugeukia, Ruksa alikuwa na nguvu na haraka, na shamba likalimika.

Sasa ilibaki nusu ya jozi, na nusu ya jozi hailimi. Shamba lilikuwa ekari sita, mbili tu zimeguswa. Mvua ilikuwa imeshaanza. Ikifika nusu ya Desemba hakuna mbegu inayokubali, si pamba wala mahindi, na mwaka uliotangulia mvua ilikataa kabisa, kwa hiyo ghalani yalikuwepo madebe mawili ya mtama na gunia moja la viazi vikavu. Evalina aliyajua hayo yote wakati anakata vitunguu. Ndiyo sababu hakulia, au kama alilia, vitunguu vilimsaidia.

Evalina hakuzaliwa kijiji hicho, ambacho ni mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Nkoma. Alizaliwa Bukundi, kusini, na alipika kama wanavyopika kusini: ng'ombe haachanishwi. Wengine huchoma hiki, huchemsha kile, hukausha kingine. Yeye alikuwa na chungu kimoja cha kutosha kumwogeshea mtoto, akakiteleka juu ya mafiga nje, akatanguliza mifupa na nyama ngumu pamoja na chumvi ya magadi, akaacha ichemke mpaka mchuzi uwe mweupe. Baada ya hapo aliingiza vitunguu na nyanya, kisha boga, kisha kunde mbichi, kisha matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ambavyo vikikutana na mchuzi hurudisha utamu wao wote kwa hasira. Mwisho kabisa alirushia nsansa, majani ya kunde yaliyokauka juani, akafunika na sufuria iliyotoboka, akaweka jiwe juu yake. Mchuzi huo ukipoa unasimama wenyewe. Unaliwa kwa ugali wa mtama, na anayekula haulizi chakula cha kesho.

Malimi, dada yake Bundala, alifika harufu ilipofika kwake. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya majaruba ya mpunga.

"Wifi, shingo iko wapi?"

"Chunguni."

"Shingo ya ng'ombe wa jembe?"

"Azimio alikuwa na shingo moja tu, wifi."

"Kwetu shingo ya ng'ombe wa jembe haipikwi hapa. Inapelekwa kwa mjomba."

"Mjomba yuko Kiloleli. Itamfikia ina funza. Kwa nini iende kwa mjomba?"

Malimi alifikiri. "Sijui. Inapelekwa tu. Baba aliipeleka, na babu aliipeleka."

"Basi mwaka huu mjomba atatusamehe. Ana meno mawili, shingo ataifanyia nini?"

Malimi akacheka, akakaa, akaomba aongezewe mchuzi. Walikula wanne: Bundala, Malimi, Evalina na Shukrani, binti wa nyumba hiyo, aliyekuwa na miaka kumi na tisa na mikono ya kushika plau. Kwa upishi wa kusini hujui unakula nini mpaka kimefika mdomoni. Bundala alipata pingili za shingo, tatu, zilizoshikana. Alizinyonya mpaka zikatoa mlio.

Alfajiri, Evalina alimkuta mume wake zizini, amesimama kushoto kwa Ruksa, mikono imening'inia, kichwa ameinamisha.

"Nifunge," alisema Bundala.

Ngozi ya nyuma ya shingo yake ilikuwa imekuwa nene kama soli. Chini yake kulikuwa na nundu ndogo iliyoinua shati. Shukrani alileta wembe akachana kola ili isimbane, Evalina akaleta nira. Ilimkaa vizuri. Ruksa alimnusa mara moja, akapiga hatua, na Bundala akapiga hatua.

Siku hiyo walilima nusu ekari, sawasawa na siku nyingine. Bundala alijua mahali pa kugeukia. Mchana alikunywa ndoo nzima ya maji, akala ugali kidogo na majani mengi, akalala dakika chache amesimama. Malimi, aliyekula mkia, alikuja kuwaangalia. Nzi alimtua mgongoni akaondoka bila Malimi kuinua mkono.

"Sasa tumejua kwa nini inapelekwa kwa mjomba," alisema. "Mjomba hana plau."

Waliopita njiani walisalimia. "Mwangaluka," walisema, na Bundala akajibu "Mwangaluka" kutoka chini ya nira. Bwana shamba alipita na baiskeli, akasimama, akatazama mistari kwa muda mrefu, akasema imenyooka kuliko ya mwaka jana, na kwamba wakumbuke kupanda kwa kamba. Boniventura, jirani wa upande wa mto, ambaye maksai wake mmoja alikuwa ameanza kukohoa, aliuliza nyama ya shingo ilichemka muda gani.

"Tangu saa tano mpaka jua linashuka," alisema Evalina.

"Na nsansa inaingia mwisho?"

"Mwisho."

Boniventura alitikisa kichwa kama mtu anayetunza jambo.

Mtu akila shingo hali nguvu tu. Siku ya pili Bundala alianza kukumbuka. Alikumbuka mahali kwenye kichuguu ambapo udongo una chumvi. Alikumbuka fimbo aliyowahi kumpiga Azimio mwaka 1990, na jioni hiyo hakumwambia mtu isipokuwa Evalina, na hata yeye alimwambia hivi: "Nilikuwa nampiga sana." Na siku ya tatu, Alhamisi, ambayo ndiyo siku ya josho, alikumbuka josho.

Josho la kijiji lilikuwa mfereji wa saruji wenye kina cha ng'ombe na nusu. Zamani serikali ilileta dawa ya kupe na bwana mifugo akaisimamia. Kisha ikasemwa serikali imeacha biashara, bwana mifugo Gilbert akapunguzwa kazini, na josho akapewa mfanyabiashara kutoka mjini, Anatoli, mtu mnene mwenye sauti ya upole, aliyeleta dawa yake kwenye madumu ya njano ndani ya pikapu. Tangu achukue yeye, kupe waliogeshwa vizuri. Walitoka upande wa pili wanang'aa.

Alhamisi hiyo Evalina alimpeleka Ruksa, na Bundala akaenda pia, kwa sababu nyuma ya masikio yake kulikuwa na kupe kumi na moja na Shukrani alishindwa kuwatoa wote. Foleni ilikuwa ndefu. Zamu yao ilipofika, Bundala alisimama ukingoni, akainama, akanusa.

"Haya ni maji," alisema.

Paschal, kijana wa Anatoli aliyekuwa akihesabu mifugo kwa vijiti, alicheka. "Mzee, sasa ulitaka ng'ombe waoge uji?"

"Ni maji ya lambo na buluu ya kufulia. Azimio aliteleza hapa mwezi wa saba. Alimeza mafunda matatu makubwa, na mimi nayakumbuka kooni. Hakuhara hata siku moja. Ingekuwa dawa, angekufa kabla ya jioni."

Foleni ilimgeukia Bundala. Kila mtu alikuwa na ng'ombe, na karibu kila mtu alikuwa amemuwahi mmoja na kisu tangu mwezi wa saba. Kumbukumbu ya ng'ombe haiongezi chumvi, walilijua hilo.

Anatoli alishuka kwenye pikapu. Hakukasirika.

"Mzee Bundala, shikamoo. Naomba nikuulize jambo moja, kwa heshima. Wewe hapa umekuja kama mtu au kama ng'ombe? Kama ni mtu, josho hili ni la ng'ombe, halikuhusu. Kama ni ng'ombe, basi ingia, usicheleweshe wenzako."

Watu wengine walicheka, maana ilisemwa vizuri. Bundala akaingia. Aliogelea mpaka upande wa pili, akatoka, akajikung'uta. Kupe walikuwa kumi na moja.

Malalamiko yakapelekwa kwa mtendaji, Januarius, aliyekuwa na meza, muhuri na kalamu mbili. Aliandika yote bila kukatisha: kwamba mlalamikaji alisema, kwamba maksai alimeza, kwamba hakuhara. Alipofika kwenye sehemu ya kuandika jina la shahidi, aliuliza aandike la nani.

"Azimio," alisema Bundala.

"Azimio yupo?"

"Tulimla."

"Basi ni marehemu. Shahidi marehemu tunamwekea msalaba." Akaweka msalaba.

Ikaamuliwa sampuli ichukuliwe kwenye chupa ya soda na ipelekwe Mwanza kupimwa. Gari lilikuwa moja tu, la Anatoli, akakubali kuipeleka yeye mwenyewe bila kinyongo. Aliondoka saa nne asubuhi, akarudi saa kumi jioni ileile, ingawa kwa pikapu hiyo na barabara hiyo Mwanza ni siku nzima kwenda tu. Alisema Mwanza wamesema iko sawa. Januarius akapiga muhuri.

Wiki iliyofuata walilima ekari moja na robo. Zilibaki kama mbili. Ijumaa, Bundala alikohoa kwenye mkunjo wa shamba, na chini ya masikio yake ikatokeza mitoki ya ukubwa wa yai la kanga, kulia na kushoto. Aliendelea mpaka saa sita. Kisha alipiga magoti, na Ruksa akasimama kumsubiri.

Zahanati, nesi Matilda alimpima joto, akamgusa kifuani, akamgusa shingoni, akaosha mikono.

"Mapafu ni ya mtu, nimeyasikia," alimwambia Evalina. "Lakini ugonjwa umeanzia shingoni, na shingo hii si ya kwangu, mama. Mtafuteni bwana mifugo."

Bwana mifugo Gilbert, tangu apunguzwe, alikuwa akiuza dagaa wa Lamadi kwa baiskeli. Walimpata gulioni. Aliegesha baiskeli, akaminya mitoki kwa vidole vilivyonuka samaki, akavuta kope la Bundala chini.

"Ndigana, homa ya kupe," alisema. "Ina siku nne au tano. Iko sindano, inaponya kabisa ikiwahi. Zamani ningekuwa nayo kwenye boksi."

"Sasa iko wapi?"

"Kwa Anatoli. Zote ziko kwa Anatoli." Akamfungia Evalina dagaa kwenye gazeti, akakataa kupokea kitu.

Evalina alitembea mpaka Nkoma, akapata lori mpaka Bariadi. Duka la Anatoli lilikuwa na rangi mpya, na yeye mwenyewe alikuwa ndani, anakunywa chai. Alimpa Evalina kiti.

"Mama Shukrani, pole. Mzee nampenda. Ana mdomo tu."

"Nimekuja kwa ajili ya sindano."

"Nitakupa. Na sitachukua hata senti, wewe ni mtu wa nyumbani." Akatoa karatasi kwenye droo. "Ila weka dole gumba hapa kwanza."

"Imeandikwa nini?"

"Kwamba dawa ya josho ni nzuri, na kwamba mzee alisema vile kwa sababu ya homa."

"Homa ilikuja baadaye."

"Homa haina tarehe, mama."

Evalina alitazama kidole chake. Kilikuwa na alama ya kisu cha vitunguu. Aliwaza ekari mbili, akawaza mtu aliyelala kwenye ngozi ya Azimio akipumua kama mvukuto, na hakuona kama hayo ni mawazo mawili. Akaweka dole. Anatoli akampa kichupa kilichofungwa vizuri na bomba la sindano, akamtafutia hata lifti ya kurudi.

Gilbert alikuja kuchoma sindano. Alichagua shingo. Bundala alikuwa amefumba macho. Dawa ilipoingia, aliyafumbua.

"Evalina."

"Nipo."

"Ni ile ile."

"Lala tu."

"Ni ile ile ya josho. Inapita kama ile." Akafumba tena. "Ruksa msimpige."

Alikufa Jumapili wakati watu wanatoka kanisani, jambo lililorahisisha mazishi, kwa kuwa walikuwa wamevaa tayari. Hakuna aliyetaja kisu. Katekista aliuliza tu kama nira izikwe naye. Shukrani akasema hapana, nira bado ina kazi. Anatoli alituma sukari na mchele, na salamu za rambirambi zilizosomwa baada ya zile za mtendaji. Januarius alitaka kujua, kwa ajili ya daftari, aandike kifo cha watu au cha mifugo. Mwishowe akaandika kote kuwili, ili mkaguzi akija asikute pengo.

Siku ya nne baada ya matanga, Ruksa alikohoa.

Evalina hakusubiri macho yapinduke. Alimuwahi mwenyewe, akachuna na Shukrani, akateleka chungu. Malimi alikuja safari hii bila kuitwa na harufu. Alikaa kwenye kinu, akatazama mifupa ikichemka, akatazama boga likiingia, kunde, matobolwa. Alisubiri mpaka nsansa.

"Wifi," alisema, "naipeleka mimi. Nitaibeba kichwani mpaka Kiloleli. Mjomba ataila ikiwa na funza."

"Kaa, wifi."

"Ndigana imo humohumo shingoni. Umemwona kaka yangu."

"Nimemwona."

"Sasa?"

"Sasa ekari mbili hazijalimwa, na leo ni tarehe nane."

"Mpe Shukrani. Ana nguvu kukushinda."

Evalina alimtazama Malimi mpaka Malimi akaangalia pembeni.

"Nimesema vibaya," alisema Malimi.

"Umesema vibaya. Lete sahani."

Evalina hakupika kama kusini safari hii, kwa maana moja: alijua pingili ziko wapi. Alikuwa amezifunga kwa uzi. Alizitoa, akazila peke yake amekaa chini, taratibu, kama mtu anayekunywa dawa iliyo chungu, ingawa mchuzi ulikuwa mtamu na Malimi alisema hivyo mara mbili. Shukrani hakula. Alikuwa ananoa jembe la plau.

Alfajiri Evalina alisimama kulia chini ya nira, na kushoto akaja kusimama Boniventura. Maksai wake alikuwa ameanguka wiki hiyo, alimpika kama alivyoelekezwa, na shamba lake lilikuwa bado. Walikubaliana walime la Evalina kwanza, kisha lake. Katika kijiji hicho, kufikia siku hiyo, shingo tisa zilikuwa zimepikwa, na kwenye mashamba ukisikia kikohozi hukuhitaji kuuliza ni cha mtu au cha ng'ombe. Alhamisi walipanga foleni pamoja na ng'ombe wachache waliobaki. Walijua ni maji. Bwawa lilikuwa mbali, na joto kali. Wengine walisema angalau wanaoga.

Tarehe kumi na nne, Jumatano, ilibaki mistari minane. Mvua ya usiku ilikuwa imegeuza udongo mweusi kuwa gundi. Saa nne hivi pikapu ya Anatoli ilikuja na madumu ya kesho, ikakuta njia imefunikwa na maji, ikakata kona kupitia shambani kwa Evalina, na katikati ya shamba ikazama mpaka kwenye milango.

Anatoli alifungua kioo. Aliwaona wanakuja, Shukrani nyuma ameshika mikono ya plau, mbele Boniventura na Evalina chini ya nira, gauni la Evalina limefungwa kiunoni ili lisikanyagwe, shingo zimeinama. Akavua kofia, akamsalimia Evalina kama mama yake.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka."

"Nimekwama. Naomba msaada wenu, tafadhali. Kesho ni siku ya josho, nisipofika itakuwaje?"

Boniventura alikohoa, akatema. "Tumwache," alisema kwa sauti ya chini. "Azame na madumu yake."

Evalina aliinua kichwa kadiri nira ilivyoruhusu. Alitazama mbele, mpaka mwisho wa shamba, akatazama mawingu upande wa ziwa.

"Yuko kwenye mstari wetu," alisema.

Shukrani akafungua mnyororo kwenye plau, akaupitisha chini ya bampa, akaufunga mara mbili. Hakumpiga mtu. Alisema tu, "Haya, mama," na wale wawili wakainama, wakavuta. Mara ya kwanza tope lilikataa. Mara ya pili magurudumu yalitoa sauti, madumu yakagongana nyuma, na gari likatoka, likapanda mpaka penye majani.

"Wabeja sana," alisema Anatoli. "Wabeja, Mungu awazidishie." Akawasha gari, akaenda zake kwenye josho, pole pole, dawa isimwagike.

Shukrani alirudisha mnyororo kwenye plau. Alama za magurudumu zilikuwa zimeharibu mstari mmoja, ikabidi waurudie.